Njia za Injili Katika Milima ya Usambara

Usharika unapoadhimisha miaka mia moja, inapasa kuwakumbuka wahubiri pamoja na wale waliowabebea mizigo. Mwaka 1891, wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walipofungua kituo cha Mlalo, walichokiita Hohenfriedeberg, hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Vitabu, dawa na vifaa vya ujenzi vilipandishwa mlimani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi.

Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, umbali wa kilomita 129. Safari ya siku kadhaa ikawa ya siku moja. Hata hivyo, reli haikupanda mlimani, bali ilifuata bonde kuelekea Moshi, ilikofika mwaka 1911. Kutoka Mombo, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Lushoto, mita 1,400 hivi, mizigo mingi iliendelea kuwategemea wapagazi.

Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kazi ilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Washambaa, waliotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Kwa neema ya Mungu, Kanisa halikuzimika.

Baadaye malori na mabasi yalizoeleka katika barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni, yenye kilomita 33 hivi. Kuanzia miaka ya 2000 bodaboda zilienea, zikafika hata kwenye vijia visivyopitika kwa basi. Mchungaji mwenye mitaa mingi aliweza sasa kuhudumu katika mitaa miwili kwa Jumapili moja.

Lakini mvua za masika zinapoharibu njia, mgonjwa hubebwa bado kwa machela na majirani zake mpaka barabarani, ndipo apate gari la kumfikisha Hospitali ya Bumbuli. Vyombo vya usafiri vimefupisha safari, ila havijaondoa wajibu wa kuchukuliana mizigo. Majina ya wamisionari yamehifadhiwa vitabuni. Ya wapagazi, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa. Washarika wanaomshukuru Mungu kwa karne hii wanalo deni la kuwakumbuka, na la kuzitunza njia wanazozipita wajukuu wao.