Saa ya baba na chumvi ya bahari

Leo tunaandika habari za saa ya mkono. Najua mtu atasema, watu hawana unga, nyie mnazungumzia saa? Subirini kidogo.

Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mwenzetu mmoja alitoka kwa mashua na vitu viwili: simu, na saa ya marehemu baba yake, ile ya kutia ufunguo. Maji ya chumvi yakaingia kote. Simu ikafa, saa ikasimama. Akaendelea kuivaa hivyo hivyo, imesimama. Basi tukaamua tujifunze kuifungua.

Kwanza historia. Manahodha wa pwani yetu walivuka bahari bila saa. Walifuata nyota na pepo za kaskazi na kusi. Ukipima urefu wa nyota juu ya maji, unajua uko kaskazini au kusini kiasi gani. Lakini mashariki au magharibi kiasi gani, hapo unahitaji saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja; ukijua ni saa ngapi ulikotoka, na jua linasema saa ngapi hapo ulipo, tofauti inakuonyesha ulipofika.

Saa za pendulamu, alizobuni Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1656, hazikuwezana na mawimbi. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa. Aliyepata alikuwa mtoto wa seremala, John Harrison. Saa yake ya nne, ya mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 hivi tu. Ilipopelekwa Jamaica, baada ya siku 81 baharini ilikuwa imechelewa kama sekunde 5. Kumbe kilichofanya kazi hiyo ni kamani na gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, kama ndani ya saa ya baba.

Tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ya Japani ikaanza kuuza saa ya mkono ya kwotsi, inayotumia betri. Saa za kamani zikaonekana za kizamani, na mafundi wengi wakakosa kazi, hata Uswisi. Ndiyo maana leo fundi saa ni wa kutafuta.

Sisi tulianza hivi. Hatukugusa saa ya baba. Tulinunua sokoni saa mbovu ya bei ndogo, tukaiharibu hiyo kwanza. Vifaa: bisibisi ndogo, kibano, kioo cha kukuzia, kitambaa cheupe na vifuniko vya chupa vya kuwekea skrubu. Kila hatua tulipiga picha kwa simu, maana skrubu zinafanana lakini si sawa. Kabla ya kufungua chochote ndani, legeza kamani taratibu. Ukisahau, magurudumu yataruka na meno yatavunjika. Gurudumu la mizani litoke mapema, kwa sababu ndilo dhaifu kuliko yote. Safisha kwa benzini safi, nje penye hewa, mbali na jiko. Matundu ya mawe tuliyasafisha kwa kijiti kilichochongwa. Mafuta ni tone dogo kabisa, na yawe ya saa. Ya kupikia yanaganda.

Saa ya kwanza haikupona. Ya pili ilipona. Ndipo tukafungua ya baba. Kutu ilikuwa imekula skrubu mbili, na kamani ilibidi tubadilishe. Ilipoanza kulia, hakuna aliyesema kitu. Kwa siku inakwenda mbele dakika nne. Tumeiacha hivyo kwanza.

Likabaki swali: tuitie saa ya wapi? Ukivuka Ruvuma kwenda Tanzania, saa inasogea mbele saa moja nzima, ingawa jua ni lile lile. Nusu yetu tuko huku, nusu ng'ambo. Mwenye saa akaitia saa ya Palma.

Kwa mashirika yanayotusoma: mafunzo ya cherehani tunayashukuru. Lakini meza moja, taa nzuri na seti chache za bisibisi zingewapa vijana kumi kazi ya mkono inayobebeka mfukoni, hata siku ya kukimbia.