Kuuana na Kuuawa

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi ya tafsiri aliniletea kurasa zake nizipitie. Ilikuwa habari ya Tulsa, mji wa jimbo la Oklahoma huko Marekani, na kichwa alichoipa kilisomeka hivi: Ghasia za Rangi za Tulsa, 1921. Kalamu yangu ikagota kwenye neno la kwanza.

"Mwalimu, si ndivyo walivyoita wenyewe?" akaniuliza.

Ndivyo. Neno lao lilikuwa riot, na Kiswahili kinalipokea bila shida: ghasia, fujo, vurugu, rabsha, machafuko. Yote ni maneno mazuri yenye kazi yake. Fujo ni za uwanjani bao likikataliwa, rabsha ni za foleni ya maji. Lakini sikiliza vitenzi vinavyofuatana nayo. Ghasia huzuka, vurugu hutokea, machafuko huibuka, kama upele unavyoibuka mwilini. Hakuna anayeuliza nani kafanya, maana penye vurugu kila aliyekuwepo ana sehemu yake.

Sasa tazama kilichofanyika. Dick Rowland, kijana mweusi wa miaka 19, mpiga viatu rangi, alikuwa mahabusu kwa tuhuma za kumshambulia msichana mzungu aliyekuwa akiendesha lifti. Kesi hiyo baadaye ilifutwa. Jioni ya 31 Mei 1921 umati wa wazungu ulizingira mahakama. Wanaume weusi wa mtaa wa Greenwood, baadhi yao askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, walikwenda na bunduki zao kumlinda asije akanyongwa na umati. Risasi ikalia. Kulipopambazuka, maelfu ya wazungu waliingia Greenwood, wakapora na kuchoma nyumba moja baada ya nyingine. Daktari wa upasuaji A. C. Jackson alipigwa risasi akitoka nyumbani kwake mikono ikiwa juu. Msalaba Mwekundu ulihesabu nyumba 1,256 zilizoteketea. Hesabu rasmi ya waliokufa iliishia 36, ilhali wanahistoria wanakadiria hadi 300. Weusi zaidi ya 6,000 waliwekwa kizuizini, na ili mtu atoke ilibidi aje mzungu kumdhamini.

Hapo ndipo sarufi yetu inapoona mbali. Tuna kuua, tuna kuuana, tuna kuuawa. Kiambishi cha kutendana huweka pande mbili kwenye mizani na kuzisawazisha: wamepigana, wamegombana, wameuana. Ukishasema watu wameuana, hakuna wa kushtakiwa, au wa kushtakiwa ni wote. Ghasia ni neno la kuuana. Greenwood waliuawa. Na angalia kiunganishi "na" kinavyoweza kukubeba kwenda kote kuwili: weusi walipigana na wazungu, weusi waliuawa na wazungu. Herufi ni zilezile mbili, ila katika sentensi ya kwanza mzungu ni mwenzi wa ugomvi, na katika ya pili ndiye mtenda.

Tofauti hiyo ilikuwa na bei yake. Bima za nyumba na maduka ya Greenwood zilikuwa na kifungu kilichosema hasara itokanayo na ghasia hailipwi. Mwenye mali mmoja, William Redfearn, alifikisha kampuni yake ya bima hadi Mahakama ya Juu ya Oklahoma, na mwaka 1926 akashindwa. Watu walionunua bima kwa miaka, wakajenga kwa matofali, walirudi kuishi ndani ya mahema kwa sababu ya neno.

Baada ya neno likaja jambo zito zaidi, nalo ni kukosekana kwa neno. Nakala ya gazeti la Tulsa Tribune la 31 Mei 1921 ilipohamishiwa kwenye maikrofilamu, habari ya Rowland ilikuwa imeshakatwa kutoka ukurasa wa kwanza, na sehemu kubwa ya ukurasa wa tahariri nayo haikuwepo. Nimelifikiria sana tundu lile. Mtu alikaa mezani, akafuata mistari, akakata. Watoto wa Oklahoma, weupe kwa weusi, walisoma historia ya jimbo lao kizazi baada ya kizazi kupitia tundu hilo. Tume ya jimbo iliundwa mwaka 1997 na kutoa ripoti mwaka 2001, na hata jina la tume yenyewe lilibeba neno riot. Tume nyingine, ya maadhimisho ya miaka 100, ndiyo iliyolitoa neno hilo katika jina lake mwaka 2018 na kuweka massacre.

Manusura mmoja alikuwa amekwepa riot mapema kabisa. Mary E. Jones Parrish, mwalimu wa kupiga chapa, alikimbia na binti yake mdogo, kisha akakusanya simulizi za majirani na kuzichapisha katika kitabu. Kwenye jina la kitabu aliandika neno ambalo sisi tungelitafsiri maafa. Moyo wangu ulishtuka nilipoligundua hilo, kwa kuwa miongo mingi baadaye msomi Mmarekani mweusi, Marimba Ani, alikuja kuazima kwetu neno hilohilo, maafa, kuita utumwa na yote yaliyowapata watu wake. Ni heshima kubwa kwa Kiswahili. Lakini masikioni mwetu maafa ni ya mafuriko na ukame, hayana mtu aliyeshika kiberiti.

Kwa hiyo nilimwambia kijana aandike mauaji. Ndani ya mauaji yumo muuaji, badili silabi ya mwanzo tu umwone. Mauaji ya kimbari, istilahi tuliyoizoea kwa uchungu kutokana na Rwanda ya 1994, nimeiacha kwa kuwa ina masharti yake ya kisheria. Nimechagua mauaji ya halaiki, ingawa halaiki nayo inanikera. Kwetu Tanzania ni wale watoto wa sherehe za kitaifa, mamia kwa mamia uwanjani, usiweze kumtambua hata wa dada yako. Wafu wa Tulsa walizikwa hivyo, bila majina. Mwaka 2024, baada ya makaburi ya Oaklawn kufukuliwa na vinasaba kupimwa, mmoja alitambuliwa, wa kwanza: C. L. Daniel, askari wa zamani. Iliyosaidia kuthibitisha ni barua ya mwaka 1936 kutoka kwa wakili wa mama yake, ikieleza kwamba mwanawe aliuawa Tulsa.

Kijana alirudi kesho yake. Kichwa kilikuwa kimebadilika, lakini katika aya ya pili alikuwa ameandika kwamba watu wa Greenwood walipoteza maisha, kama mtu anavyopoteza ufunguo. Nikakata, nikaandika juu yake: waliuawa na. Nikamwachia nafasi ajaze mwenyewe. Akajaza: raia wenzao, wakiwemo walioapishwa na polisi usiku ule kuwa askari wa muda.