Gemu inakwama kwenye laptop? Panga rezolusheni kabla ya kuwaza kununua mashine nyingine

Laptop nyingi zinazochezewa gemu Mbeya na Iringa hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ni mashine za ofisini zilizotumika nje, kama HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, zinazonunuliwa maduka ya mjini au kuagizwa Kariakoo na kupandishwa basi.

Mchana mwanafunzi wa MUST anaichorea AutoCAD, na wa Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa anaiandikia ripoti. Usiku mashine ileile inafungua GTA V, FIFA au PES. Gemu ikianza kukwamakwama, wazo la kwanza ni kuiuza, kuongezea hela boom likiingia na kuchukua nyingine.

Kabla ya kufika huko kuna hatua isiyogharimu hata shilingi: kupanga rezolusheni. Ila wengi wanaikosea. Wanashusha ya kompyuta nzima, wakati inayotakiwa kushushwa ni ya gemu peke yake.

Rezolusheni ni nini hasa

Picha ya kwenye skrini imeundwa kwa nukta ndogo sana zinazoitwa pikseli. Rezolusheni ni idadi ya nukta hizo, kwa upana na kwa urefu. Hizi ndizo zinazoonekana sana kwenye laptop na TV:

- 1280 x 720: nukta 921,600
- 1366 x 768: nukta 1,049,088
- 1600 x 900: nukta 1,440,000
- 1920 x 1080: nukta 2,073,600
- 3840 x 2160 (4K): nukta 8,294,400

Gemu inachora picha upya mara nyingi kwa sekunde. Kila picha inaitwa fremu, na idadi yake kwa sekunde ndiyo FPS. Kwa 1920 x 1080, gemu inayokwenda FPS 60 inachora nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde.

Kazi hiyo inafanywa na kadi ya picha. Laptop za ofisini kwa kawaida hazina kadi ya pekee. Zinatumia ile iliyo ndani ya prosesa, kwa mfano Intel HD 4400, HD 520 au HD 620, ambayo pia inachota RAM ileile inayotumiwa na Windows. Ndiyo maana inaelemewa haraka.

Ukitoka 1920 x 1080 kwenda 1600 x 900 unaipunguzia mzigo wa nukta kwa karibu theluthi moja. Ukienda 1280 x 720 unapunguza zaidi ya nusu. FPS haipandi kwa kiwango hichohicho kila mara, lakini kwenye kadi dhaifu tofauti huonekana palepale.

Rezolusheni ya kompyuta iache ilivyo

Kioo cha laptop kina idadi ya nukta iliyotoka nayo kiwandani, na hiyo haibadiliki. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini, chagua "Display settings", kisha tazama "Display resolution". Yenye neno "Recommended" ndiyo ya kioo chenyewe.

Ukiishusha hapo, herufi zinafifia, michoro ya AutoCAD inakosa makali na macho yanachoka. Na kwa gemu yenye mipangilio yake ya rezolusheni huenda usipate faida yoyote, maana gemu hiyo haifuati ya Windows.

Wapo wanaoshusha rezolusheni ili maandishi yawe makubwa. Hiyo nayo si njia yake. Kwenye ukurasa huohuo kuna "Scale": ukiweka 125% au 150%, maandishi yanakua bila kufifia.

Jinsi ya kushusha ya gemu

1. Fungua gemu, nenda kwenye mipangilio ya picha, mara nyingi imeandikwa "Graphics", "Video" au "Display".
2. Tafuta aina ya skrini. Ukichagua "Fullscreen", gemu inashika skrini nzima na kutumia rezolusheni yake. Ukichagua "Borderless", gemu nyingi zinafuata rezolusheni ya Windows, na hapo kushusha kunaweza kukataa.
3. Shuka ngazi moja moja. Kama kioo ni 1920 x 1080, jaribu 1600 x 900 kwanza, kisha 1280 x 720. Zote tatu zina umbo moja, 16:9, hivyo wachezaji hawatavutika wakawa wanene.
4. Pima. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, fungua kisanduku cha "Performance" na usome FPS. Cheza sehemu ileile ya gemu kila unapobadilisha, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Baadhi ya gemu zina njia nzuri zaidi: kupunguza ukubwa wa picha ya ndani tu. Euro Truck Simulator 2, ile ya malori, inaiita "Scaling". Ramani na maandishi yanabaki makali, barabara na magari ndiyo yanachorwa kwa nukta chache. Kumbuka kwamba kwenye gemu nyingi asilimia hiyo inahesabiwa kwa kila upande, hivyo 75% si robo tatu ya mzigo bali ni takriban 56% tu.

Ukikuta neno FSR, nalo lijaribu. Ni teknolojia ya AMD iliyotoka 2021. Inachora picha ndogo kisha inaikuza kwa kuinoa, na toleo la kwanza halihitaji kadi ya AMD.

Kwa wapenzi wa PES, kuanzia matoleo kama 2013 na 2017, usihangaike kutafuta ndani ya gemu. Kwenye folda ya gemu kuna programu ya pembeni inayoitwa "Settings". Rezolusheni inachaguliwa pale, kabla gemu haijafunguliwa.

Kama kioo chako ni 1366 x 768

Laptop nyingi za zamani zina kioo hiki. Hapa kushuka kwenda 1280 x 720 kunapunguza nukta kwa asilimia 12 tu, hivyo usitegemee maajabu. Anza na vivuli, nyasi, maji na kile kinacholainisha kingo za picha, "Anti-aliasing". Zima au weka "Low".

Ikibidi kushuka zaidi, 1024 x 768 inapunguza robo ya nukta na 800 x 600 zaidi ya nusu, lakini umbo lake ni 4:3. Picha itavutwa au itaachwa na weusi pembeni. Unaweza kuchagua moja kati ya hayo kwenye programu ya Intel ya picha.

Ukichomeka TV

Ukiunganisha laptop na TV kwa kuakisi, skrini zote mbili zinaonyesha picha moja, na Windows inaweza kulazimisha rezolusheni isiyoifaa mojawapo. Bonyeza Windows na P, kisha chagua "Second screen only". Kioo cha laptop kitazima na TV itapata rezolusheni yake.

TV ya 4K ina mtego wake. Nukta zake ni mara 4 ya 1920 x 1080, na laptop yenye HDMI 1.4 haivuki picha 30 kwa sekunde kwa 4K. Shusha TV iwe 1920 x 1080, kisha ingia "Advanced display" uhakikishe imeandikwa 60 Hz. Kwenye TV yenyewe washa "Game mode" ili kitufe kiitikie haraka.

Skrini ikigeuka nyeusi au ikaandika "Out of range" baada ya kubadilisha, usiguse kitu. Windows inasubiri uthibitishe. Usipothibitisha, baada ya sekunde 15 inarudi ilikokuwa. Kama ni ndani ya gemu, jaribu Alt na Enter. Gemu nyingi zitarudi kwenye dirisha dogo.

Umeshusha na bado inakwama

Hapo rezolusheni siyo mgonjwa. Kama FPS ya 1280 x 720 ni ileile ya 1920 x 1080, kadi ya picha haikuwa imeelemewa. Kagua haya kwa mpangilio:

- Draiva. Laptop iliyopigwa Windows upya mara nyingine hurudi bila draiva ya kadi ya picha. Fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", umepata tatizo, na machaguo ya rezolusheni nayo yatakuwa machache. Draiva ya Intel ni mamia ya MB, hivyo ni bora kuishusha kwenye Wi-Fi ya chuo kuliko kumaliza bando.
- Umeme. Umeme ukikatika na laptop ikabaki kwenye betri, nyingi hupunguza kasi zenyewe. Usipime FPS wakati huo.
- Joto. Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Iringa inawapeleka wengi kuchezea kitandani, laptop juu ya blanketi. Blanketi linaziba matundu ya hewa, prosesa inapata moto na inajipunguza kasi ili isiungue. Dalili yake ni gemu kwenda vizuri dakika za mwanzo, kisha kuanza kukwama. Weka mashine juu ya meza au ubao, na fundi aondoe vumbi kwenye feni.
- RAM. Kama kuna kipande kimoja na nafasi ya pili iko wazi, kuongeza cha pili kunaisaidia sana kadi ya Intel, maana vipande viwili vinasomwa kwa pamoja. Hakikisha kwanza mashine yako ina nafasi mbili, na inatumia DDR3L au DDR4.
- Prosesa. Kama yote hayo yako sawa, basi prosesa ndiyo imefika mwisho. Punguza idadi ya watu na magari ndani ya gemu, na funga Chrome kabla ya kucheza.

Gemu ikizima ghafla

Gemu za zamani zikizima vibaya zinaweza kuiacha kompyuta nzima kwenye rezolusheni ya chini. Alama zinakuwa kubwa, maandishi yanafifia, na mtu anadhani kioo kimekufa. Rudi "Display settings", chagua yenye "Recommended", na kila kitu kinakaa sawa. Kioo cha laptop ni hela nyingi, na kosa hili limeshawafanya watu wafikirie kukibadilisha bila sababu.

Kwa hiyo kabla ya kuitangaza laptop kwenye grupu la WhatsApp kuwa inauzwa, kagua draiva, chomeka chaja, itoe kitandani, kisha shusha rezolusheni ya gemu ngazi moja na upime. Ikifika FPS 30 bila kuyumba, PES na GTA zinachezeka. Na asubuhi AutoCAD itafunguka kwenye kioo kilekile, mistari ikiwa na makali yake.