Haki yenye tarehe: namna Marekani ilivyowahesabia askari wa zamani miaka ya kurudi shuleni

Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tunarekodi kipindi kati ya familia za wahami, baba mmoja alinifuata pembeni. Zamani alikuwa askari, leo anauza makala ya kupikia. Alikuwa amesikia redioni kwamba kule Marekani askari akiacha jeshi, serikali inamlipia masomo. Hilo halikumshangaza sana. Kilichomshangaza ni kusikia kwamba masomo hayo yana tarehe, kama dawa, na tarehe ikipita umekosa. Akaniuliza: “Mwanangu muandishi, haki inaweza kuoza?”

Nilimwahidi kutafuta. Niliyoyapata hayakuenea katika dakika tano za kipindi, ndiyo maana nayaandika hapa.

Tuanze na woga. Serikali ya Marekani ilikuwa na sababu ya kuogopa askari wanaorudi nyumbani. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1924, Bunge lao lilikubali kuwalipa askari wa zamani pesa ya ziada kwa siku walizotumika, lakini likaandika kwamba wengi wao watazipokea mwaka 1945. Miaka ikapita, kazi zikaisha nchini, watu wakalala njaa. Mwaka 1932 maelfu ya askari hao walikwenda Washington pamoja na wake na watoto, wakajenga vibanda vya mbao, mabati na karatasi karibu na mto, wakasema hawaondoki bila pesa zao. Tarehe 28 mwezi wa saba jeshi likatumwa kuwafukuza, likiongozwa na jenerali Douglas MacArthur. Gesi ya kutoa machozi ikarushwa, vibanda vikachomwa moto. Wasomaji wetu waliowahi kukimbia kambi usiku hawahitaji kuelezewa zaidi.

Kwa hiyo vita vya pili vilipokaribia kwisha, na watu karibu milioni 16 walikuwa wamevaa unifomu, Washington ilijua kwamba haiwezi kurudia kosa lile. Wakili mmoja wa Kansas, Harry Colmery, aliyewahi kuongoza chama cha askari wa zamani cha American Legion, aliandika kwa mkono rasimu ya kwanza ya sheria mpya akiwa katika hoteli ya mjini Washington. Rais Franklin Roosevelt akaitia sahihi tarehe 22 mwezi wa sita 1944. Watu waliiita GI Bill, na jina hilo limebaki hadi leo.

Sheria ilitoa mambo mengi: mkopo wa nyumba, msaada kwa asiye na kazi. Lakini masomo ndiyo yaliyobadilisha nchi. Askari aliyetumika angalau siku 90 alipewa mwaka mmoja wa shule, na juu yake muda sawa na ule aliokaa jeshini, jumla isizidi miaka 4. Serikali ililipa shule hadi dola 500 kwa mwaka, yaani minervali pamoja na vitabu, na wakati ule dola 500 zilitosha hata kwenye vyuo vikubwa. Mwanafunzi mwenyewe alipokea dola 50 kwa mwezi za kuishi, au 75 kama ana familia.

Na saa ikawekwa. Sheria ya 1944 ilisema: anza kusoma ndani ya miaka 2 tangu uache jeshi au tangu vita viishe, ile inayokuja nyuma, na miaka 7 baada ya vita, pesa yote inakatwa. Aliyeingia jeshini akiwa amepita miaka 25 alipaswa kuonyesha kwamba vita ndivyo vilivyomkatiza masomo, la sivyo alipewa mwaka mmoja tu. Mwisho wa 1945 waliona wamebana mno. Kipengele cha umri kikafutwa, muda wa kuanza ukawa miaka 4, na wa kumaliza miaka 9.

Kwa nini saa? Jibu liko katika jina rasmi la sheria, linalozungumza juu ya kumrudisha askari katika maisha ya raia. Haikuandikwa kama malipo ya damu. Ilikuwa kama boti ya kuvusha watu ziwani: inakungoja kwa muda, ikishavusha inaondoka. Serikali iliogopa mamilioni ya vijana kutafuta kazi siku moja, na shule ilikuwa mahali pazuri pa kuwaweka kwa miaka michache. Ukitazama kwa macho ya mtu wa bajeti, hesabu hiyo inaeleweka. Mimi naona kosa lake ni moja: ilidhani askari wote wanatoka vitani siku moja, ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kuachishwa.

Kwa serikali, vita viliisha rasmi tarehe 25 mwezi wa saba 1947. Basi aliyekwisha kuacha jeshi kufikia siku hiyo alipaswa awe ameanza shule kabla ya tarehe 25 mwezi wa saba 1951, na tarehe hiyohiyo ya mwaka 1956 mpango ukafungwa. Kufikia hapo watu milioni 7.8 walikuwa wamesoma kwa sheria hiyo. Milioni 2.2 kati yao walikwenda vyuo vikuu. Wengine walijifunza ufundi wa magari, umeme, useremala, ukulima. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa askari wa zamani. Robert Hutchins, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa ameonya kwamba vyuo vitageuka kuwa makimbilio ya watu wasio na kazi. Haikuwa hivyo. Wanaume wenye mke na mtoto walisoma kwa bidii kuliko vijana waliotoka sekondari.

Lakini milioni 7.8 katika milioni 16 maana yake zaidi ya nusu hawakutumia haki hiyo. Wengine hawakuitaka, walikuwa na kazi zao. Wengine walizuiliwa, na hapo saa inaonyesha ubaya wake.

Chukua askari Mweusi wa Mississippi au Alabama. Karatasi yake ilikuwa sawa na ya mzungu, na tarehe ya mwisho ilikuwa ileile. Ila majimbo ya kusini yalitenga shule kwa rangi, na vyuo vilivyokubali Weusi vilikuwa vichache, vidogo, visivyo na vitanda vya kutosha. Maelfu waliandika maombi wakajibiwa kwamba hakuna nafasi. Walingoja. Wakati wanangoja, miaka yao ilikuwa inahesabiwa, kwa maana sheria haikuwa na mstari unaosema kwamba saa isimame pale mlango unapofungwa na mtu mwingine. Tofauti ni kubwa kati ya mtu aliyechelewa na mtu aliyecheleweshwa, na ile sheria haikuijua. Na kuna waliofungiwa kabisa: mwezi wa pili 1946 Bunge lilipitisha sheria iliyosema kwamba Wafilipino wengi waliopigana chini ya amri ya Marekani hawahesabiwi kuwa walitumika katika jeshi lake. Hao hawakuwekewa hata saa.

Hapa niruhusiwe kugeuka kidogo nyumbani, maana yule baba aliniuliza pia juu yetu. Askari wa Force Publique kutoka Kongo walipigana Ethiopia, na mwezi wa saba 1941 Waitaliano wakasalimu amri kwao pale Saio. Mzee aliyerudi kutoka huko, hata angepewa pesa za masomo ya juu, angezipeleka wapi? Kongo haikuwa na chuo kikuu. Lovanium ilifunguliwa 1954, na kile cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, 1956. Mwaka uleule ambao Wamarekani walifunga mpango wao kwa sababu muda umetosha, sisi tulikuwa tunafungua chuo cha pili.

Turudi kwa saa. Vita vya Korea vilileta sheria ya pili, mwaka 1952, kali kidogo kuliko ya kwanza. Masomo yalishuka hadi miezi 36, na badala ya serikali kulipa shule, askari alipewa dola 110 kwa mwezi azigawe mwenyewe kati ya chuo, chakula na chumba. Ikawa vigumu kwenda chuo cha bei. Mpango huo ulifungwa mwanzoni mwa 1965. Mwaka uliofuata Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya tatu, iliyowahusu pia waliopigana Vietnam: dola 100 kwa mwezi kwa asiye na familia, chini ya zile za Korea ingawa bei zilikuwa zimepanda, na miaka 8 ya kuzitumia. Mwaka 1974, saa ya wengi ilipokuwa inakaribia kukata, Bunge likaongeza hadi miaka 10.

Vietnam ndiyo iliyofundisha kwamba majeraha mengine hayaonekani siku ya kuachishwa. Mwaka 1977 sheria ikafungua kidirisha: kama ugonjwa wa mwili au wa akili ulikuzuia kusoma, utaongezewa muda, mradi ugonjwa huo usitokane na makosa yako ya kujitakia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyofika hadi Mahakama ya Juu.

Walikuwa askari wawili wa zamani, wote walioachishwa kwa heshima, mmoja 1966 na mwingine 1969. Wote walianza kunywa pombe wangali watoto. Mmoja alikaa miaka akiingia na kutoka hospitalini, akaacha pombe 1975. Mwingine naye akaacha karibu na wakati huo. Sasa wana akili timamu, wanataka kusoma, na miaka 10 imekwisha. Wakaomba waongezewe. Ofisi ya askari wa zamani ikajibu kwamba ulevi wa aina hiyo, usiotokana na ugonjwa mwingine wa akili, ni kosa la kujitakia. Mwezi wa nne 1988, majaji 4 dhidi ya 3 wakasema ofisi ilikuwa na haki ya kuamua hivyo.

Nilisoma habari hiyo mara mbili. Nikawaza vijana wa mitaa yetu waliotoka kwenye makundi yenye silaha, ambao wa kwanza kuwapokea nyumbani ni chupa ya kindingi. Nani kati yetu angeweza kukaa mezani akaandika ni siku gani ugonjwa uliisha na kosa likaanza? Bunge la Marekani nalo halikuridhika. Mwaka uleule wa 1988 lilibadilisha sheria, likasema athari za ulevi wa muda mrefu zisihesabiwe kuwa kosa la kujitakia pale mtu anapoomba kuongezewa muda. Lakini sheria ya Vietnam ilikuwa na ukuta mwingine nyuma: mpango wote ulifungwa tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1989. Mtu aliyepata ruhusa mwishoni mwa 1988 alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja.

Sheria ya mwaka 1984, inayojulikana kwa jina la mbunge Montgomery, iliacha miaka 10 ileile. Ile ya 2008, ya waliotumika baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ilikuwa na mkono mpana zaidi: ililipa chuo na nyumba, iliruhusu askari anayebaki jeshini kumwachia mke au mtoto masomo yake, na ikatoa miaka 15. Bado ilikuwa saa. Wale waliokwenda Iraki na Afghanistan mara tatu, mara nne, walirudi na watoto wa kulea na vichwa visivyolala usiku. Darasa linangoja mpaka mtu aweze kuketi humo.

Tarehe 16 mwezi wa nane 2017, miaka 73 baada ya Roosevelt, kikomo kikaondolewa. Katika Baraza la Wawakilishi 405 walisema ndiyo na hakuna aliyepinga. Sheria ikapewa jina la Harry Colmery, yule wakili wa hotelini. Aliye chini yake anaweza kuanza chuo akiwa na miaka 30 au 60.

Nilipomrudia yule baba na habari hiyo, alitabasamu, akauliza kama ni kwa wote. Siyo kwa wote. Sheria inamhusu aliyeachishwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2013. Aliyetoka kabla ya hapo amebaki na miaka yake 15. Wawili walioshiriki hema moja Afghanistan, mmoja akaachishwa usiku wa kufunga mwaka 2012 na mwenzake asubuhi yake, hawana haki sawa: huyu wa pili hana tarehe, na huyu wa kwanza saa yake itakata mwisho wa 2027.