Filimu Iliyoipaka Milima ya Kivu Rangi ya Waridi

Mwaka 2010, wapiga picha wengi wa habari walipokuwa wamekwisha kuhamia kamera za dijitali, Richard Mosse wa Ireland alianza kupiga picha mashariki mwa Kongo kwa kamera kubwa ya zamani, ile ya kusimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Ndani yake alitia Aerochrome, filimu ambayo Kodak ilikuwa imeacha kuitengeneza.

Aerochrome ilikuwa filimu ya upelelezi wa kijeshi. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni, na filimu hiyo huionyesha kwa wekundu. Turubai la kijani lililofunika kifaru halirudishi mionzi hiyo vivyo hivyo; kwa hiyo picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege iliweza kumfichua adui aliyejibanza kichakani. Mikononi mwa Mosse, milima ya Kivu Kaskazini na Kusini ikageuka waridi, na wapiganaji wakasimama katikati ya nyasi nyekundu.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Filimu ya infraredi huhifadhiwa kwenye ubaridi na kuingizwa katika kamera gizani kabisa. Kipima mwanga cha kawaida hakiisomi mionzi hiyo, hivyo mpiga picha hukadiria tu, na matokeo huyaona baada ya filimu kusafishwa. Kutokana na safari hizo ulizaliwa mkusanyiko wa *Infra*, kisha *The Enclave*, filamu iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 16 na kuiwakilisha Ireland kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2013.

Kongo ilikuwa na historia ndefu na filimu kabla ya hapo. Mwaka 1904, huko Baringa, mmishonari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyeketi akitazama mkono na mguu wa bintiye mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha za namna hiyo zilizunguka Ulaya na Marekani, zikaongeza shinikizo lililomfanya Mfalme Leopold II aiachie Kongo mwaka 1908.

Jean Depara, kinyume chake, alipiga picha za furaha. Mzaliwa huyo wa Angola alinunua kamera ndogo aina ya Adox mwaka 1950 ili apate picha za harusi yake. Hobi ikawa kazi: alipiga picha za baa, wanamuziki na vijana watanashati wa Kinshasa usiku, akawa pia mpiga picha wa mwanamuziki Franco.

Fizi, huko Kivu Kusini, nayo inaguswa na picha moja iliyopigwa mbali sana. Machi 5, 1960, jijini Havana, mpiga picha Alberto Korda alimwona mwanamapinduzi Che Guevara akijitokeza jukwaani kwa muda mfupi. Kwa Leica yake aliwahi kupiga picha mbili tu, moja ya kulala na moja ya kusimama. Ile ya kulala, baada ya kukatwa pembeni, ndiyo sura inayovaliwa hadi leo kwenye fulana duniani kote. Mwenye sura hiyo alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965, akiitwa Tatu, na kukaa miezi saba katika milima ya Fizi. Lulimba ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mapambano ya waasi aliokuja kuwasaidia.

Dijitali ilipotawala, viwanda vya filimu viliyumba, na Januari 2012 Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Hata hivyo mambo yaligeuka tena. Kodak ilirudisha sokoni filimu ya Ektachrome mwaka 2018, na mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya filimu, Pentax 17. Wanunuzi wengi wa filimu ni vijana waliokulia kwenye simu, ambao sasa wanafurahia kuwa na picha 36 tu kwenye mkanda, wapime mwanga, wapange watu, kisha wangoje.

Kwa mtu wa Baraka au Lulimba aliyerithi aparei ya babu yake, kikwazo kikubwa ni kusafisha. Dawa nyingi za filimu ya nyeusi na nyeupe hupimwa kwa nyuzijoto 20, na maji ya ukanda wa ziwa huwa na joto zaidi. Lazima yapoozwe, au muda upunguzwe. Lakini dawa yenyewe inaweza kutoka jikoni. Mwaka 1995, wanafunzi wa mwalimu Scott Williams wa chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, walisafisha filimu kwa kahawa: asidi iliyomo kwenye kahawa, ikichanganywa na sodiamu kabonati, hutoa picha, na wapenzi wa filimu baadaye waliongeza vitamini C ili kuharakisha kazi. Kahawa inalimwa Kalehe na Idjwi, humu humu Kivu Kusini. Cha kuagiza kutoka mbali kitabaki kuwa mkanda wenyewe, pamoja na dawa ya kuimarisha picha isiharibiwe na mwanga.