Nesi aliyeongeza oksijeni usiku

Leo naomba tuache siasa kidogo. Nataka tuzungumze juu ya watoto njiti na manesi wanaowalinda. Mimi ni mwandishi, si mganga, lakini historia hii imeninyima usingizi, na nadhani inatuhusu sote.

Tuanzie Boston, Marekani, mwaka 1942. Daktari wa macho aitwaye Theodore Terry aliandika juu ya ugonjwa mpya: watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wanapofuka miezi michache baadaye. Ajabu ni kwamba ulishamiri zaidi kwenye hospitali zenye vifaa bora. Mtoto wa maskini aliyezaliwa kwenye hospitali duni, akipona, aliona. Mtoto wa hospitali ya kisasa alipona akiwa kipofu. Kwa muda wa miaka kumi na kitu, watoto wapatao 10,000 duniani walipoteza macho. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950 huko Michigan, ni mmoja wao.

Tatizo lilikuwa nini? Kila mtu alikuwa na nadharia yake: vitamini, mwanga, maziwa, damu. Mwaka 1951 huko Melbourne, Australia, daktari Kate Campbell alisema kitu ambacho wengi hawakutaka kusikia: huenda ni oksijeni. Ile ile iliyokuwa inamwagwa kwenye inkubeta kwa wiki nyingi ili kuwaokoa.

Sasa ndipo manesi wanapoingia. Katika hospitali ya Gallinger mjini Washington, daktari kijana Arnall Patz na mwenzake Leroy Hoeck waliamua kupima jambo hilo. Watoto waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipata oksijeni nyingi kama kawaida, lingine lilipata kidogo, pale tu mtoto alipoihitaji. Lakini baadhi ya manesi wa zamu ya usiku waliona huu ni unyama. Mtoto anahema kwa shida, na wewe unamnyima hewa? Basi usiku, madaktari wakishalala, walifungua mitungi na kuwaongezea oksijeni watoto wa kundi la kidogo.

Ndugu msomaji, usiwacheke. Wewe ungefanya nini? Nesi yule alikuwa na huruma, uzoefu wa miaka mingi, na mtoto mdogo mbele ya macho yake. Vyote vilimwambia aongeze. Na vyote vilikuwa vinampotosha. Oksijeni ikizidi, mishipa ya damu ya jicho ambalo halijakomaa husinyaa na kuacha kukua. Baadaye huota upya ovyo ovyo, na mwishowe huweza kuvuta pazia la nyuma ya jicho hadi likabanduka.

Matokeo ya Washington yalitoka mwaka 1952. Ili kuthibitisha, hospitali 18 za Marekani ziliungana Julai 1953 kufanya utafiti mmoja mkubwa. Mwaka 1954 jibu lilitangazwa: Campbell alikuwa sahihi. Oksijeni ikapunguzwa kila mahali, na upofu ule ukashuka haraka.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini haikuishia hapo. Hospitali nyingi zilibana oksijeni kupita kiasi, na safari hii watoto hawakupofuka, walikufa. Mwaka 1973 K. W. Cross wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa macho, wapatao 16 walipoteza maisha. Kwa hiyo hata yule nesi wa usiku hakuwa amekosea kila kitu. Hofu yake ilikuwa na msingi. Kilichokosekana ni kipimo.

Miaka ikapita, kikaja kifaa cha kubana mguuni au mkononi kinachosoma oksijeni ndani ya damu. Hata hivyo swali lilibaki: kiasi gani kinatosha? Utafiti wa SUPPORT wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watoto 1,316. Walengwa wa asilimia 85 hadi 89 walipata ugonjwa mkali wa macho kidogo kuliko wale wa 91 hadi 95, lakini walikufa zaidi. Na angalia hili: vifaa vilirekebishwa visionyeshe namba halisi, ili nesi asijue mtoto wake yuko kundi gani. Hakukuwa tena na nafasi ya kuongeza kwa siri usiku. Mwaka 2013 ukazuka ugomvi mkubwa: je, wazazi waliosaini fomu walielezwa hatari zote?

Hapo ndipo naiona kazi ya muuguzi mtafiti. Yeye ndiye huketi na mama aliyejifungua jana, bado ana maumivu, na kumweleza kwa lugha nyepesi kwamba hatujui njia ipi ni bora, na kwamba ana haki ya kukataa. Ni vigumu kusema "hatujui" mbele ya mama anayelia.

Wala si habari za Wazungu peke yao. Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizopima kumweka njiti kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri apate nafuu kwanza. Matokeo yalitoka mwaka 2021: katika siku 28 za mwanzo vifo vilikuwa asilimia 12.0 dhidi ya 15.7. Utafiti ulisimamishwa mapema, kwa kuwa faida ilikuwa wazi.

Kwa hiyo tukisikia neno "utafiti" hospitalini tusikimbilie kusema wanatufanya panya. Tuulize: nimeelezwa? Naweza kukataa? Maana hata dawa isiyopimwa ni majaribio, ila hakuna anayeandika matokeo. Huruma bila kipimo ilipofusha maelfu, na kipimo bila ukweli kwa mzazi ni deni. Mnasemaje?