Kamongo, fulu na domodomo: Maajabu ya viumbe wa Ziwa Victoria

MKAZI wa Pwani akiulizwa kuhusu maajabu ya majini atakutajia papa, pweza na nguva. Mkazi wa Kisumu hana bahari, lakini pia hana sababu ya kuona wivu. Katika ufuo wa Dunga, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji huo, huteremshwa samaki ambao wataalamu wa ng'ambo husafiri maelfu ya kilomita kuja kuwachunguza, ilhali sisi huwakagua kwa dakika moja tukiuliza bei.

Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina ukubwa wa takriban kilomita mraba 68,800. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu ya eneo hilo, na maji mengine yamo Tanzania na Uganda. Hata hivyo, katika kisehemu hicho kidogo mna viumbe wa kumshangaza yeyote anayejali kutazama.

Wa kwanza ni kamongo. Sura yake si ya kupendeza: mwili mrefu kama wa mkunga, mapezi membamba yaliyo kama kamba, na meno yaliyoungana kuwa vibao vigumu vinavyoweza kumjeruhi vibaya mvuvi asiyejihadhari. Huweza kukua hadi kufikia urefu wa karibu mita mbili. Lakini ajabu yake imo kifuani. Kamongo ana mapafu mawili, na matamvua yake ni hafifu mno kumtosheleza, hivyo basi hana budi kuibuka kila baada ya muda kuvuta hewa. Akinaswa na wavu chini ya maji na kushindwa kuibuka, hufa maji kama mtu. Samaki anayekufa maji! Ni jambo ambalo hata watunzi wa vitendawili hawangelithubutu.

Maji yanapokauka katika vinamasi, kamongo huchimba shimo topeni, akajikunja, kisha akatoa ute unaokauka na kuwa kifuko cha kumhifadhi, na kuacha tundu dogo tu la kuvutia hewa. Humo hulala bila kula wala kunywa, moyo ukipiga polepole, akijilisha kwa misuli yake mwenyewe. Katika maabara wapo kamongo waliowahi kukaa hivyo kwa miaka kadhaa. Ndani ya ziwa lenyewe ni nadra alazimike kulala, kwani maji hayakauki, lakini uwezo huo hajaupoteza.

Hali hiyo ndiyo iliyomvutia Homer Smith, mtaalamu wa figo kutoka New York, aliyefika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1920 kumtafuta samaki huyu. Alitaka kujua jambo moja: samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili kama amonia, sumu ambayo husafishwa na maji yanayomzunguka. Je, kamongo aliyelala topeni bila tone la maji huipeleka wapi sumu hiyo? Smith aligundua kuwa huigeuza kuwa yurea, ile ile iliyomo katika mkojo wa binadamu na katika magunia ya mbolea ya mahindi, akaihifadhi mwilini hadi mvua inyeshe. Mwaka wa 1932 alichapisha riwaya ya kifalsafa kuhusu samaki huyo na kuipa jina Kamongo. Hivyo neno la wavuvi wa Nyanza likawa juu ya jalada la kitabu cha Kimarekani miongo mitatu kabla ya Kenya kupata uhuru.

Kuna mengine. Chembe za urithi za kamongo zimekadiriwa kuwa na maandishi zaidi ya mara 30 ya yale ya binadamu, na kumfanya mmoja wa wanyama wenye shehena kubwa zaidi ya aina hiyo duniani. Aidha, kwa nasaba, kamongo yuko karibu zaidi na sisi tunaomla kuliko alivyo karibu na mbuta au ngege aliyelazwa kando yake sokoni. Jamaa yake wa mbali, silakanti, aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madinosau hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka wa 1938, alivuliwa Malindi mwaka wa 2001. Kenya basi ina makundi yote mawili ya masalia haya ya kale, mmoja baharini na mwingine ziwani.

Msomaji wa Kiswahili atahadhari akivuka mpaka. Kule Buganda kamongo huitwa mmamba, na mojawapo ya koo kubwa za Waganda imejitwalia jina hilo na kumfanya mwiko kwa wanaukoo. Asikiaye "mmamba" na kupanda juu ya mti kwa kumhofia mnyama mwenye magamba atakuwa amejisumbua bure.

Tuje kwa fulu, ambao Watanzania huwaita furu. Ni samaki wadogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja, na zamani walidharauliwa kwa miiba yao. Ila mama fulu ana malezi ya aina yake. Akishataga, huyaokota mayai kwa kinywa na kuyahifadhi humo hadi yaanguliwe, na hata baada ya hapo vifaranga hukimbilia mdomoni mwake wakiona hatari. Dume naye ana madoa ya rangi ya manjano kwenye pezi la tumboni yanayofanana na mayai. Jike anapojaribu kuyaokota hupokea mbegu za dume, na mayai yaliyomo kinywani yakarutubishwa. Wapo fulu wanaoponda konokono, wapo wanaokwangua mwani juu ya mawe, na wapo maharamia wanaowashambulia akina mama ili wateme vifaranga wawale.

Wanasayansi wamehesabu takriban aina 500 za fulu katika ziwa hili. Linaloshangaza ni kwamba udongo uliochimbuliwa chini ya ziwa unaonyesha kuwa lilikauka, na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Ina maana kuwa karibu aina zote hizo zilichipuka katika kipindi ambacho, kwa hesabu za mageuzi ya viumbe, ni kufumba na kufumbua. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulidokeza chanzo: koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilikutana na kuzaliana, na uzao wao ukawa na mchanganyiko wa sifa uliowawezesha kugawanyika upesi.

Kisha akaja mbuta. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kote. Mbuta huweza kufikia uzani wa kilo 200, na fulu walikuwa chakula chake. Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi za fulu zilitoweka au kubakia chache mno. Mbuta hakuwa mkosaji peke yake. Maji yalichafuka na kuwa ya kiza, na kwa kuwa jike la fulu humtambua dume wa aina yake kwa rangi, aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuzaliana ovyo na kuchanganyika. Siku hizi kibofu cha hewa cha mbuta, ambacho huuzwa China kwa kutengenezea supu, huwa na bei inayozidi ya nyama yake kwa mbali.

Domodomo, mwenye mdomo uliorefuka kama mkonga, huishi katika maji hayo ya kiza bila kuhangaika. Mkiani ana kiungo kinachotoa umeme hafifu, usioweza kumdhuru mtu, na ngozi yake huhisi jinsi umeme huo unavyopindwa na vitu vilivyo karibu. Kwa njia hiyo hutafuta wadudu topeni usiku wa manane na huwasiliana na wenzake. Samaki wa jamii yake wana ubongo mkubwa mno kwa kimo chao.

Hata wadudu wa ziwa wana kalenda. Yale mawingu meusi yanayoonekana juu ya maji kama moshi wa meli ni mabilioni ya visubi wanaoibuka, baadhi yao karibu na mwezi mwandamo. Lava wa aina mojawapo ni mwangavu kama kioo, hushinda topeni mchana na kupanda juu usiku kwa msaada wa vifuko vya hewa. Wako wakazi wa kando ya ziwa wanaowakusanya, kuwaponda na kuwala kama andazi.

Mwishoni mwa mwaka wa 2022, wafugaji wa samaki katika vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi ajabu baada ya maji kupungukiwa na oksijeni. Maji kama hayo hayamtishi kamongo, mwenye hewa yake juu. Kinachomtisha ni ndoana zenye chambo na kutoweka kwa mafunjo. Dume la kamongo hujenga kiota kati ya mafunjo na kukilinda, huku watoto wake wakipumua kwa matamvua ya nje yanayoning'inia shingoni kama manyoya. Kinamasi kinapofyekwa ili kulimwa, kiota hakina pa kukaa.

Ngege wa asili, aliyevuliwa kwa wingi tangu nyavu za kisasa zilipoletwa katika Ghuba ya Winam mwaka wa 1905, karibu ametoweka kabisa katika ziwa kuu. Anayetaka kumwona sharti aende Kaunti ya Siaya, katika Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo ambalo mafunjo ya kinamasi cha Yala yamelitenga na Victoria. Mbuta hajafika huko.